Sabuni Anatundika Daluga

Jumamosi tarehe 25 Oktoba 2025, Loris Bassanello atavaa jezi namba 6 kwa mara ya mwisho. Atakuwa ametimiza miaka ishirini na mmoja ya kulipwa kwa kucheza mpira, saba kati ya hiyo hapa klabuni kwetu Oxon Hill. Magoti yake yalistaafu zamani, ila yeye hakupata taarifa. Ofisi imeniomba mimi, Ghati wa chumba cha jezi, niandike ukurasa huu wa Kiswahili, kwa kuwa sisi wa kufua, wa jikoni na wa kukata nyasi karibu wote tunakizungumza. Wamesema niandike mema. Nitajitahidi.

Loris alizaliwa katika mji mdogo kaskazini mwa Italia, akasajiliwa akiwa na miaka kumi na saba. Ni kiungo mkabaji, yaani kazi yake ni kumnyang'anya mpira anayeujua na kumpasia mwingine anayeujua. Amechezea timu tisa. Nne zilishuka daraja akiwamo, na mbili zilipanda mara tu alipoondoka. Ligi kuu ya kwao aliicheza dakika kumi na moja katika maisha yake yote: aliingia mwishoni, akagusa mpira mara nne, moja kwa mkono. Dakika hizo huzisimulia kwa saa nzima.

Kwetu amecheza mechi 148 na kufunga mabao mawili, moja kwa mgongo. Ana kadi nyekundu tano, moja aliipata akiwa benchi. Lakini muulizeni anayefua. Jezi ya Loris huja na majani, damu na udongo hadi ndani ya kola, wakati za washambuliaji wetu unaweza kuzirudisha kabatini hivyohivyo. Mashine ya kufulia haidanganyiki.

Kiswahili alikichota chumbani kwetu. Kwangu alipata shikamoo, ambayo humwamkia nayo hata mtoto wa miaka mitatu. Mengine alipewa na Gratien, Mkongo anayetunza viatu.

Nyote mnamwita Sabuni, na mnadhani mnajua kwa nini. Alikuwa na fulana ya ndani aliyoivaa zile dakika kumi na moja. Marehemu baba yake aliiandika tarehe kwa kalamu upande wa ndani, na tangu siku hiyo haikuguswa na maji. Ilikuwa bahati yake, na ilinuka vilivyo. Mnachosimuliwa ni kwamba Mei 2021 aliifua mwenyewe kwa kusahau, tukafungwa mechi tano mfululizo, ndipo jina likamganda.

Sasa sikilizeni. Loris hajui hata kuwasha mashine. Aliyeifua ni mimi.

Nilikuwa na siku tisa kazini. Kibali cha kazi ndiyo kwanza kilikuwa kimetoka, nina watoto wawili kule Adelphi, na pa kushika pengine sina. Nguo za wachezaji huja katika mifuko ya wavu yenye namba. Fulana ile ilikuwa imening'inia peke yake kwenye msumari. Nimelelewa Tarime, na mama alinifundisha kwamba nguo ya mtu ikikufikia chafu, kuirudisha chafu ni kumtukana. Nikailoweka kwenye jiki tangu asubuhi hadi saa nane mchana. Ikatoka nyeupe pe, inanukia maua. Nikaikunja, nikaiweka mahali pake, nikasubiri asante.

Loris aliigeuza ndani, akaigeuza tena. Mwandiko haukuwapo. Gratien akaninong'oneza, "Mama Ghati, umefanya nini? Ile ni souvenir, ukumbusho wa papa yake!" Hapohapo akaingia Sebastian, mkuu wa vifaa wakati ule, akiuliza nani kafanya hivyo, maana sheria ilikuwa wazi: ukigusa kitu binafsi cha mchezaji, kazi huna. Loris akanitazama. Kisha akamjibu, kwa Kiingereza chake cha kuungaunga, kwamba ameifua mwenyewe nyumbani.

Nami nikanyamaza. Nilinyamaza tulipofungwa mechi ya kwanza, nikanyamaza ya tano, nikanyamaza mashabiki walipoanza kumrushia vipande vya sabuni. Kesho ya siku ile ya fulana alikuja na jezi chafu kwenye dirisha letu la kupokelea nguo, akasema, "Shikamoo, mama," na hatujalizungumza tena hadi leo.

Ningeendelea kunyamaza, maana mimi ni mwoga. Lakini nimeona kamati ya sherehe imenunua sanduku la sabuni lenye utepe, akabidhiwe Jumamosi mbele ya watu wote, na mbele ya mama yake anayekuja kutoka Italia. Bibi huyo ameishi miaka minne akiamini mwanawe ndiye aliyeufuta mwandiko wa mumewe. Hapana. Sanduku hilo nipeni mimi. Mama wa watu nitamwomba radhi mwenyewe, na ofisi ikitaka kunifukuza, inajua nilipo.

Loris, asante kwa kazi yangu. Nenda salama na magoti yako, Mungu akujalie asubuhi nyingi zisizo na mazoezi. Jezi ya Jumamosi usiilete dirishani. Ondoka nayo na udongo wake na jasho lake. Nimekununulia kalamu ya wino usiofutika. Tarehe mwachie mama yako aiandike. Mimi sitaigusa.