Fundi Puto, Aliyejenga kwa Upepo

Ndugu, majirani na mafundi mliofanya naye kazi: huyu tunayemsindikiza leo alizaliwa Jumanne, tarehe 9 Agosti 1949, katika chumba cha nyuma cha duka la mkaa la baba yake, akiwa mtoto wa tano kati ya saba. Mkunga alisimulia mpaka uzeeni kwamba mtoto alitoka amevimbisha mashavu, akakataa kulia, akapuliza. Wapo waliosema mkunga yule alitia chumvi kwenye maneno kuliko kwenye mboga. Lakini wote waliokuwamo chumbani wamekwisha kutangulia, kwa hiyo neno la mkunga ndilo linabaki.

Alianza shule mwaka 1957, akaishia darasa la nne. Kusoma na kuandika alijua. Hesabu za kujumlisha alizipenda, za kutoa alisema zinamtia huzuni. Mwaka wake wa mwisho, mwalimu wa michezo alimpa mpira wa shule aujaze upepo kwa ajili ya mechi. Akaujaza, akaubonyeza, akaona bado unakubali, akaendelea. Ulipasukia ofisini. Mwalimu mkuu aliingia chini ya meza na hakutoka mpaka alipoletewa chai. Baba yake alipoitwa hakumchapa, alimuuliza tu, "Ulikuwa unatafuta nini humo ndani?" Mtoto akajibu, "Nilitaka kujua mwisho wake." Katika hilo hakubadilika mpaka amekuwa babu wa watu.

Mwaka 1964 aliingia kazini kwenye kibanda cha kuziba pancha, kando ya kituo cha mafuta. Mpira aliujua kwa kuunusa. Mwaka 1970 akahamia kwenye yadi ya makalavati, yale mabomba makubwa ya zege yanayopitisha maji chini ya barabara. Pale walitumia kalibu ya mpira: mfuko mrefu unajazwa upepo mpaka unakuwa mgumu kama gogo, zege linamiminwa kuuzunguka, na likikomaa upepo unatolewa, mfuko unanywea, unachomolewa, panabaki tundu. Kisha unaoshwa, unapakwa poda kama mtoto mchanga, na kesho unakwenda kuzaa kalavati jingine. Marehemu aliitwa kuziba matobo ya mfuko huo. Akakaa akiutazama mpaka jua likapinduka, hajaziba hata moja.

"We bwana," msimamizi akamwambia, "umeletwa kuuziba au kuuposa?"

"Nawaza, mkubwa. Mwembamba unazaa bomba. Ukinenepa si utazaa nyumba?"

Yadi nzima ilicheka, na siku hiyo ndipo alipopata jina la Fundi Puto. Alilipokea kama mtu anavyopokea joho.

Jumamosi, tarehe 18 Desemba 1976, alimwoa fundi cherehani wa mtaa ule ule wa yadi, binti aliyekuwa akimtazama mtu mara moja tu na gauni likamkaa. Ni huyo mkewe aliyeikata kalibu ya kwanza ya nyumba. Marehemu alikuwa amehangaika kuunganisha mipira ya ndani ya matairi ya malori, na kila akijaza upepo anapata kitu kama gunia lenye wasiwasi. Mkewe akamnyang'anya mkasi. "Baba, duara halitokani na duara. Unakata vipande kama maganda ya chungwa, halafu ndio unaviunganisha." Ulipojazwa upepo tena, mfuko ulisimama mviringo, mweusi, mkubwa kama tembo aliyeshiba, na inasemekana mbwa wa mtaa walihama kwa muda.

Hapa pana jambo ambalo msomaji angeweza kuliruka, lakini marehemu mwenyewe aliagiza lisirukwe.

Mwaka 1981 alijenga nyumba ya kwanza kwa ajili ya mkewe. Aliufunga mfuko juu ya msingi, akauvisha wavu wa chuma, akapaka zege tabaka juu ya tabaka. Kazi hiyo inataka subira, kwa sababu upepo hautolewi kabla zege halijaweza kujibeba lenyewe. Lakini mama mkwe alikuwa amekuja kuwatembelea, na siku hiyo ndiyo ya kuondoka, na marehemu alitaka asiondoke kabla hajaiona nyumba ya binti yake. Akafungua upepo. Mfuko ukanywea, paa likabaki juu, mama mkwe akapiga vigelegele. Vigelegele havijamtoka vyote, paa likaufuata mfuko. Hakuumia mtu. Lakini mkewe alikuwa ameshafika kizingitini, kiti mkononi, akitaka kuwa wa kwanza kukaa ndani.

Mama mkwe alijikung'uta vumbi, akafunga mzigo wake. "Mkwe wangu, nyumba nimeiona. Asante sana."

Mkewe hakucheka. Alisema, "Mimi nilikata mpira, sikukata zege. Nitakupikia, nitakuzalia, nitakuzika. Ila silali chini ya kitu nilichokiona kikianguka."

Mwaka 1983 alimjengea nyingine mahali pale pale. Safari hii aliuacha mfuko ndani mpaka wateja waliokuwa wakiusubiri wakamtolea maneno. Nyumba ikasimama na imesimama. Mkewe akahamia, lakini nusu. Alipika humo, alishona humo, wageni aliwapokea humo. Jua likianza kuinama, anafunika cherehani, anachukua ufunguo, anavuka barabara na watoto, wanapanda ngazi mpaka chumba chao cha kupanga cha ghorofani, chenye kuta nne zilizonyooka. Marehemu anawafuata nyuma amebeba taa. Majirani wakaiita Nyumba ya Mchana, na jina likashika kuliko saruji.

Waliocheka hawakujua lilivyomuuma. Kwa kalibu zake alijenga matangi ya maji, maghala, stoo ya dawa na jiko la shule, na vyote vipo, nendeni mkavigonge. Lakini kila aliyetaka nyumba ya kulala alikunywa chai kwanza, halafu akauliza lile lile: "Fundi, na mama watoto analala humo?"

Sasa huyu mtu alikuwa na mdomo wa hadithi. Alikuwa akisimulia kwamba upepo uliwahi kumnyanyua yeye na mfuko wake wakavuka ukuta wa soko, na kila mwaka ukuta ule ulizidi kurefuka. Lakini kwa swali hilo hakuongopa hata siku moja. "Halali," alikuwa akijibu. "Anangoja." Mteja anashukuru kwa chai, anaaga. Shemeji zake walipomwambia, "Si umwamrishe tu? Wewe ni mume au mpangaji?" aliwajibu, "Zege likiharakishwa linaanguka. Hilo ninalijua kuliko nyinyi wote." Na hakumuuliza mkewe tena, wala hakununa. Alibeba taa.

Mwaka 2021 moyo wake ulianza kuchoka. Miguu ikavimba, naye akasema hatimaye amekuwa kalibu. Daktari akamkataza ngazi. Chumba cha ghorofani kikawa mbali kuliko mji wa jirani, na kitanda chake kikahamishiwa kwenye nyumba yake mwenyewe.

Jioni ya kwanza mkewe alimlisha, akamfunika, akafunika cherehani, akachukua ufunguo. Marehemu hakumzuia. Alimuaga kama mtu anavyomuaga jirani mwema: "Haya, mama watoto. Uvuke salama." Akatoka. Binti yao mkubwa alisimama mlangoni hajui amfuate mama au akae na baba.

Mama alirudi kabla taa hazijawashwa, na nyuma yake wapangaji wawili wanahema chini ya kabati la mbao alilorithi kwa mama yake. Wakaliegemeza ukutani. Kabati limenyooka, ukuta umepinda, nyuma pakabaki pengo. Akalitazama, mikono kiunoni. "Hapo patakaa fagio," akasema, akaanza kutandika upande wake. Marehemu alijigeuza kuelekea upande wa pili, na binti yao anasema mabega yake yalitikisika kwa muda.

Ndipo mkewe alipoiona dari kwa mara ya kwanza akiwa amelala chali. Zege hunakili mpira: kila kiungo na kila kiraka cha mfuko kimebaki pale juu. Marehemu alimsomea. Kile ni tairi la lori la mchanga, kile ni kiraka cha siku ya mvua.

"Na kile chenye umbo la mguu?"

"Hicho ni kandambili yako."

"Ile niliyogombana na jirani wa ngazini kwamba kaiiba?"

"Mpira ulikuwa umeniishia, mama."

Alicheka mpaka mgonjwa akaanza kumwambia ajihadhari na moyo. Kesho yake alikwenda kwa jirani yule, ambaye sasa ni bibi asiyesikia vizuri, akamwomba msamaha kwa sauti ya kusikika mtaa mzima.

Mwaka huu, mwezi wa nane, alikuja mama mmoja mjane, mwenye wajukuu, akitaka nyumba. Akaketi kando ya kitanda, akanywa chai, akauliza. Marehemu alivuta pumzi ajibu kama alivyozoea. Kabla hajafungua kinywa, sauti ikatoka kwenye cherehani, pini zikiwa mdomoni: "Nalala. Upande wa kabati. Na leo ukitaka kulala, kuna mkeka."

Marehemu hakuweza kuzungumza biashara siku hiyo. Alimpungia mkono binti yake aendelee, na binti ndiye aliyekwenda kupima kiwanja.

Alifariki Alhamisi, tarehe 12 Oktoba 2023, saa mbili asubuhi, katika nyumba yake, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe. Alikuwa na miaka sabini na minne.

Ameacha mjane; mabinti wawili na mtoto mmoja wa kiume; wajukuu tisa; dada mmoja aliye mkubwa kwake; na kalibu tatu za mpira zenye viraka visivyohesabika. Moja haikuletwa hapa pamoja na nyingine. Imo ndani ya nyumba ya yule mama mjane, imejaa upepo, zege likiwa bado bichi. Tulimuuliza mteja huyo kama angependa binti wa marehemu aifungue mapema ili kazi ikamilike kabla ya mazishi. Akasema la, hana haraka, atangoja mpaka likomae.

Na wewe fundi wetu, lala kwa amani. Nyumbani watu wamelala.