Jenerali Ambeba Bibi Harusi

Benchi letu liko Kaptembwo, pale lami inapoishia, kwenye ukuta wa duka la mbao lisilofunguliwa Jumapili. Adero anauza kahawa na mandazi hapo, na mimi nauza viazi vya Dundori hatua chache kutoka kwake, ndiyo maana wananiita Gunia. Novemba ile ya 2007 tulikuwa na sheria moja tu: hakuna kutaja kura. Ukitaja, kahawa yako inamwagwa chini na wewe unatazama. Ilibidi, maana watu wazima wenye wajukuu walikuwa wameanza kukunjana mashati asubuhi ya Mungu. Basi ubishi wetu wote tukauhamishia Uchina, na nasema kweli, sijawahi kuona watu wakigombana kwa raha namna ile.

Uchina yenyewe ilikuwa sinema ndefu ya mapenzi na vichekesho, ya zama za wafalme, iliyokuwa ikionyeshwa kila Jumapili alasiri kwenye banda la vidio hapo nyuma, diski moja kwa wiki tangu Agosti. Binti mfalme anatoroka kwao, anavaa nguo za kiume, anaajiriwa jikoni kwenye hoteli. Wenyewe wanaongea Kichina. Anayetusemea kwa Kiswahili ni Kipketer, tunayemwita Maiki, kwa sababu anakaa kando ya televisheni na maiki yake na kutoa sauti za wote: mfalme, malkia, mpishi, hata farasi. Kichina hajui hata neno moja. Anaangalia nyuso, anaangalia midomo, halafu anatunga, na banda linajaa mpaka watu wanakaa sakafuni.

Siku hiyo ilikuwa ya diski ya mwisho. Maiki alikuwa hajafika, na sisi tulikuwa tumeshaanza bila yeye.

Adero: Mimi hiyo sinema napendea nguo. Wacha ile mikono mirefu! Msichana anapika na mikono ya nguo inafika kwa magoti, na haishiki moto.

Rimoti: Na nywele? Amekimbia milimani, amelala kwa majani, ameanguka mtoni, nywele ziko tu sawa. Bibi yangu akitoka salon na mvua inyeshe kidogo, hiyo ni kilio ya wiki nzima.

Huyo Rimoti ni Kipkirui, fundi wa redio na televisheni. Anayemfuata ni mzee Hezekiah, aliyelinda lango la mahakama mpaka akastaafu, na anaamini sheria zote zilimwingia kwa masikio. Tunamwita Katiba.

Katiba: Mimi kosa nimeona ni moja. Msichana amejifunga kitambaa kwa kichwa, basi, ati hakuna mtu anajua ni msichana. Amelala chumba moja na jenerali, na jenerali hajui! Jenerali mzima! Hao majeshi alipewa na nani?

Mimi: Pengine taa ya kwao ni hafifu.

Katiba: Gunia, nyamaza. Mtu kama huyo kortini hawezi kukubaliwa hata kuwa shahidi wa kuku.

Rimoti: Na mvua! Wakikosana kidogo, mvua. Wakipatana, jua. Hiyo mawingu inafanya kazi ya kuandikwa.

Adero: Semeni mnavyotaka. Unacheka, unalia, unacheka tena. Na hakuna kushikanashikana ovyo. Jenerali amemgusa mkono mara moja tangu tuanze, mara moja, na mimi nikaangusha birika.

Hapo ndipo Maiki alipotokea. Alikuja akiburuta viatu, akaketi katikati ya Rimoti na Katiba bila salamu, na Adero alipompa kahawa akaishika tu.

Katiba: Kijana, umefiwa?

Maiki: Afadhali ningefiwa. Nimeangalia diski ya mwisho asubuhi, pekee yangu. Binti mfalme anaolewa.

Adero: Si ndiyo vizuri! Na jenerali wetu!

Maiki: Na yule daktari.

Ngoja niwaeleze kwa nini benchi zima lilipiga kelele. Maiki anampenda Jebet. Jebet anauza vitambaa mjini, na kila Jumapili anakaa bandani mstari wa mbele. Maiki hajawahi kumwambia zaidi ya salamu za "sasa" na "poa", lakini tangu Agosti kila neno tamu analolisema jenerali kwa binti mfalme ni la Maiki kwa Jebet, na Kaptembwo yote inajua. Sasa, Jebet anatakwa pia na Kipkemei, dereva wa pikapu ya maziwa, kijana mwembamba mwenye tabasamu. Na kwenye sinema kuna daktari mwembamba mwenye tabasamu. Basi Maiki, kwa wivu tu, akamfanya yule daktari kuwa mwizi wa maziwa ya mfalme. Jumapili baada ya Jumapili amekuwa akimwibisha maziwa, na sisi tunamzomea.

Adero: Mimi nilisema! Nilisema hiyo Uchina hatujaona hata ng'ombe moja, maziwa iliibiwa wapi?

Maiki: Niliona amebeba kibuyu.

Adero: Ilikuwa dawa! Daktari abebe nini, jembe?

Rimoti: Sasa jenerali anafanya nini kwa hiyo harusi? Anakuja na panga?

Maiki akanywa kahawa yote kwa mkupuo, ingawa ilikuwa moto.

Maiki: Hiyo ndiyo imenimaliza kabisa. Binti mfalme ametoka kwa nyumba amevaa nyekundu, amefunikwa kichwa. Jenerali anainama. Anambeba mgongoni. Anambeba hivi, kama mtoto, mpaka kwa kile kisanduku cha kubebwa na watu. Anamwingiza ndani, anafunga pazia. Halafu anamshika daktari bega na anacheka! Niambieni nitasema nini hapo. Nimemaliza miezi nikisema huyu mtu hawezi kuishi bila yeye, na sasa anambeba kwa mgongo yake mwenyewe kumpelekea mwanaume mwingine, na anacheka.

Nilimhurumia sana yule kijana, hata hamu ya kumtania ilinitoka.

Maiki: Na Jumamosi hii inakuja wazee wa Kipkemei wanaenda Rongai kwa baba yake Jebet kuposa. Leo saa tisa Jebet atakaa pale mbele, na binti mfalme ataulizwa kama anakubali yule daktari, na mimi ndiye sauti ya binti mfalme. Ni mimi nitasema ndiyo. Kwa mdomo yangu!

Katiba alivua kofia, akaiweka gotini. Akivua kofia hukumu iko karibu.

Katiba: Tulia. Hii kesi tunaweza kuishinda. Nyekundu, sikiliza, nyekundu kule Uchina ni nguo ya mfungwa. Hapo hakuna harusi. Binti mfalme ameshtakiwa kwa kutoroka kwao, na jenerali anampeleka rumande.

Adero: Rumande na ngoma na maua?

Katiba: Rumande ya watoto wa wafalme, mama. Kwani itakuwa kama hii yetu?

Rimoti: Mzee, hiyo haiendi. Mimi nina dawa. Naingia nyuma ya televisheni, nachezea waya kidogo, picha inajaa chenga. Watu wanasikia sauti tu. Maiki anasema anaolewa na jenerali, watu wanapiga makofi, tunaenda nyumbani.

Adero: Ujaribu! Nimengoja hiyo nguo ya harusi tangu Agosti, halafu unipe chenga? Nitakumwagia hii birika.

Rimoti: Basi naondoa rangi pekee. Nguo utaiona, lakini daktari na jenerali watafanana.

Adero: Wewe, jenerali ana ndevu!

Mimi: Wanaweza kuwa mapacha.

Sijui ilinitoka wapi. Nilikuwa nimeapa kutoingia kwenye upuuzi wao, lakini benchi likiwa na moto kidogo kila mtu anasogeza mikono aote.

Mimi: Mapacha waliobadilishwa wakiwa wachanga. Jenerali ndiye daktari na daktari ndiye jenerali. Kwa hivyo akimpa daktari, ni kama amejipa mwenyewe.

Rimoti: Na ndevu?

Mimi: Mmoja alipewa maziwa ya ng'ombe, mwingine ya mbuzi.

Katiba: Gunia ameanza kupata akili. Lakini kuna kitu mmeacha. Kwa nini mgongoni? Nauliza, kwa nini mgongoni? Nawaambia, jenerali anampima! Uchina mahari inalipwa kwa kilo, kama viazi vya huyu. Amempima, ameona ni mwepesi, ndiyo anacheka. Anamwambia daktari, lete ng'ombe hata mbili tu, huyu hana uzito.

Adero: Mzee una mawazo chafu. Jenerali amekufa.

Wote: Amekufa?

Adero: Alikufa ile diski ya Jumapili iliyopita, ya vita, ni vile hamkuangalia vizuri. Ile mshale ilimwingia! Huyo anayembeba ni roho yake. Hakuna anayemwona isipokuwa bibi harusi. Ndiyo anacheka, kwa sababu amekufa na amemwona mara ya mwisho. Yawa! Hata nalia.

Na kweli alikuwa analia, akijipangusa kwa kitambaa cha birika.

Maiki: Lakini anamshika daktari bega, na daktari anamrudishia tabasamu!

Adero: Daktari naye amekufa.

Katiba: Basi wote wamekufa, hiyo ni matanga, na kesi imefungwa.

Maiki alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Sisi wengine tulikuwa tunapiga kelele hivi kwamba hatukuona mtu amesimama mbele yetu mpaka kivuli chake kikafika kwenye sahani ya mandazi. Alikuwa Jebet, amevaa nguo ya kanisani, na mkoba begani. Jebet hajawahi kusimama kwenye benchi letu. Huwa anapita tu.

Jebet: Hamjambo? Mmefiwa na nani? Nasikia matanga kutoka kule kona.

Maiki alisimama, akakaa, akasimama, akakaa tena. Rimoti, ambaye hajui kuweka kitu mdomoni kikakaa, akasema yote.

Rimoti: Ni jenerali. Kwa diski ya mwisho anambeba binti mfalme mgongoni anampeleka kwa mwizi wa maziwa, na anacheka. Tumeshindwa ni kwa nini.

Jebet: Kwa sababu ni kaka yake.

Rimoti: Kaka ya nani?

Jebet: Ya binti mfalme. Jenerali ni kaka yake wa kuzaliwa. Alitumwa na baba yao amtafute, amrudishe nyumbani. Kwao kaka ndiye anambeba dada siku ya harusi, ati miguu yake isiguse chini. Anacheka kwa sababu dada yake ameolewa na mtu mzuri.

Katiba alipiga goti lake kwa kofia.

Katiba: Kaka! Yaani tangu Agosti, hapa Kaptembwo, mbele ya watoto, kaka amekuwa akimtongoza dada yake?

Adero: Nyasaye! Na ile siku ya mkono? Niliangusha birika kwa sababu ya kaka na dada?

Jebet: Siku hiyo alikuwa anamwambia mama yao ni mgonjwa.

Adero aliketi juu ya kreti yake, akajipepea na kifuniko cha birika. Maiki alikuwa anaangalia viatu vyake. Sijawahi kuona mtu akitamani ardhi ipasuke kiasi kile.

Katiba: Dada, ushahidi wako umetoa wapi?

Jebet: Hemali, mwenye duka yetu, ako na hizo diski zote, na maandishi ya Kiingereza chini. Tuliziangalia kule nyuma ya duka, wateja wakiwa wachache. Tulimaliza kabla nyinyi hamjafika hata diski ya pili.

Maiki alipozungumza ilikuwa sauti yake mwenyewe, ndogo, ile ambayo hatuisikii bandani.

Maiki: Kwa hivyo ulikuwa unajua nadanganya.

Jebet: Kila neno.

Maiki: Na daktari?

Jebet: Yule daktari ulimwonea sana. Ni mtu mzuri, na hana shida na maziwa. Hata Kipkemei ni mtu mzuri, sina neno mbaya juu yake. Baba alinipigia jana akaniuliza kama achinje mbuzi ya wageni wa Jumamosi.

Adero alishika birika kwa mikono yote miwili.

Jebet: Nimemwambia asichinje.

Rimoti alinifinya paja mpaka nikaruka. Lakini Katiba hakuweza kuacha kesi ilipofika, alivaa kofia yake na kuinua kidole.

Katiba: Sijaelewa. Uliiona yote. Ulijua inaisha namna gani. Ulijua huyu anasema uongo mtupu kwa maiki. Sasa hiyo sinema kwako ina faida gani?

Jebet: Mzee, wewe ndiye unajua sheria, na mimi nataka kukuuliza. Kila Jumapili natoka kanisa, siendi nyumbani, sijakula, nakuja nakaa mbele kwa ile mbao ngumu, kwa sinema nimeshaiona. Mnadhani nilikuwa nakuja kusikiliza nini?

Katiba aliteremsha kidole polepole. Rimoti aliangalia ukuta, Adero akaniangalia mimi, na mimi nikaangalia viazi vyangu. Maiki alifungua mdomo, mdomo ule uliosema kwa niaba ya mfalme, malkia, mpishi na farasi wao, na hakikutoka kitu. Jebet akamsukuma Rimoti kidogo, akaketi kando ya Maiki, akaweka mkoba mapajani na kungoja.