Mifuko Iliyoshonwa

Msichana aliyekaa mbele yangu kwenye treni ya asubuhi alivaa koti jipya la kazi, mifuko yake yote imeshonwa ikazibwa kwa uzi mweupe. Mama mmoja pembeni yake, mgeni kwake kama mimi, akamuuliza kulikoni.

“Kiwandani wanaogopa tutaiba biskuti. Hata pipi siruhusiwi kuingia nayo, mama, na mimi nina sukari.”

“Sasa ikikushuka?”

“Haishuki. Tangu nianze kazi, sindano ya asubuhi sichomi.”

Nilikuwa najifanya nasoma gazeti, tena la juzi. Nikaacha kugeuza kurasa.

“Unajiua, mwanangu.”

“Ikishuka naanguka mbele ya msimamizi. Ikipanda, nani anaiona? Nikimaliza miezi mitatu ya majaribio nitawaambia.”

“Waambie leo.”

“Mwenzangu mwenye kifafa aliwaambia. Hakumaliza wiki.”

Nilitegemea mama atatoa ile methali ya mficha maradhi. Hakuitoa. “Marehemu mume wangu naye aliacha, akawa na tarehe yake ya kurudia sindano,” alisema. “Walianza kumkata kidole cha mguu.”

Akatoa pipi mkobani. “Choma sindano, hii uifiche.”

“Watanipekua,” msichana akasema, akamrudishia.

Treni ikasimama, akashuka. Chini ya kiti aliacha chupa mbili kubwa za maji, alizozifungua zote mbele yetu katika safari ya dakika ishirini. Mama akaziokota, akazitikisa. Hazikuwa na tone.

“Kiu ya marehemu ilikuwa hivihivi,” akasema.