Dada Fumua na Njia Mbili za Vifurushi

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Aliye jikoni apunguze moto, aliye barabarani apunguze mwendo. Leo tunamkumbuka mtu. Lakini sijamtaja bado. Kwanza, kitendawili!

Nimewasikia mkiitikia. Haya: nimevunja nyumba, nimeijenga upya, na wenyewe wamo ndani wanakula, hakuna aliyeinua kichwa.

Mmoja anasema mchwa. Hapana, baba, mchwa anavunja tu, hajengi. Mwingine anasema ndoto. Umekaribia, lakini hujafika. Basi nipeni mji. Ahsanteni. Nimeupokea mji wenu, nimetembea, nimekula, nimeshiba. Jibu ni kazi ya marehemu wetu wa leo. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya mpaka mwisho.

Watu walimwita Dada Fumua. Alifariki mwezi uliopita, akiwa na miaka hamsini na miwili. Ameacha mume, ambaye ni mwalimu wa hesabu, na mdogo wake wa pekee, ambaye ni msusi. Narudia kwa aliyewasha redio sasa hivi: tunamkumbuka Dada Fumua, aliyekuwa akifumua na kujenga upya njia za mtandao ndani ya kompyuta. Mengi mtakayosikia nimeyapata kwa mdogo wake, msusi. Shule yangu iliishia darasa la saba, kwa hiyo nilimwomba anieleze polepole. Nami nitawaeleza vivyo hivyo.

Ndani ya kila simu na kila kompyuta kuna programu moja iliyo chini ya nyingine zote. Wenyewe wanaiita kiini. Huioni wala huigusi, ila ikigoma, simu yako ni kigae tu. Sasa, ukituma picha ya mjukuu, haiendi nzima. Inakatwa vipande vipande. Kila kipande kinafungwa kama kifurushi, kinaandikwa anwani, kinaondoka. Kikifika, kiini cha upande wa pili kinafungua, kinapanga, na mjukuu anarudi kuwa mjukuu. Hata sauti hii, kwa mnaonisikiliza kwenye simu, imewafikia vipande vipande.

Anwani hizo ziko za aina mbili: za zamani na mpya. Za zamani zilipoanza kwisha, wataalamu wakatunga mpya. Basi ndani ya kiini mkawa na njia mbili. Njia ya pili ilinakiliwa kutoka ile ya kwanza, zikawa kama pacha. Na mnajua pacha, mmoja akinyweshwa dawa, mama anadhani wamekunywa wote. Shimo likizibwa kwenye njia hii, kwenye njia ile linasahauliwa. Miaka ikapita. Kila fundi akabandika kiraka chake akaenda zake. Palikuwa na sehemu moja ya maandishi yanayokiendesha kiini hicho, ndefu mno. Ukianza kuisoma, chai inapoa na ulipoanzia umeshapasahau.

Dada Fumua alitaka jambo moja tu maishani mwake. Azione njia hizo mbili zimeungana pale zinapofanana, na katika kuziunganisha, safari ya kifurushi hata kimoja isikatike. Jambo moja tu.

Kampuni iliyomwajiri ilimruhusu kufanyia kazi popote. Yeye alichagua kona ya saluni ya mdogo wake, nyuma ya mashine ya kukaushia nywele. Alisema kelele ile inamtuliza. Wateja wakimuuliza, "Dada, unafanya nini hapo?" alijibu, "Nafumua." Kesho yake wakiuliza, "Nafumua." Mteja mmoja akachoka: "Na kusuka utasuka lini?" Hapo ndipo jina lilipozaliwa.

Mwingine akamnong'oneza msusi, "Dada yako kazi yake hasa ni nini?"

"Anaandika kodi."

"Kodi! Kwani ana nyumba ngapi?"

"Hana hata choo. Na yeye kapanga."

Saluni nzima ilicheka, na Dada Fumua akacheka kuliko wote. Kodi aliyokuwa akiandika ni yale maagizo ambayo kompyuta huyafuata. Wenye Kiswahili safi huyaita msimbo.

Sasa, wapendwa, mlango wa sehemu ile ya kiini una mlinzi. Badiliko lolote lazima alipitie mstari kwa mstari kabla ya kulipokea. Alikuwa bwana mmoja wa nchi ya mbali. Hawakuwahi kuonana, waliandikiana tu. Msusi alimpa jina la Mzee Rudisha, kwa sababu kila alicholetewa alikirudisha.

"Shemeji, uangalie," msusi alimtania mwalimu. "Mkeo ana mtu ng'ambo. Kutwa wanaandikiana."

Mwalimu akajibu bila kuinua macho kwenye madaftari ya wanafunzi, "Nimezisoma barua zao. Mpenzi gani anakujibu, 'Mstari wa tatu una nafasi mbili, ondoa moja'?"

Safari ya kwanza, Dada Fumua alifanya haraka. Alizifumua njia zote mbili kwa mkupuo, akaziunganisha, akatuma kazi yote kama furushi moja. Mzee Rudisha akaandika: "Huu ni mlima. Siwezi kusoma mlima. Niletee jiwe moja moja, na kila jiwe liweze kukaa peke yake." Dada Fumua akabembeleza. Alisema ameupima mwenyewe, kila kitu kinakwenda. Akabembeleza tena. Mwishowe mzee akalegea, akapokea.

Ikapelekwa kwa watu waliojitolea kujaribu. Haikupita juma, malalamiko yakaanza kumiminika. Salamu zinafika, picha hazifiki. Vifurushi vidogo vinapita, vikubwa vinakwama katikati. Kosa liko wapi? Hakuna aliyejua. Utalitafutaje jiwe bovu ndani ya mlima? Ikabidi kazi yote ing'olewe, mpaka mstari wa mwisho. Mzee Rudisha hakumtukana. Aliandika, "Kosa ni letu wawili. Wewe uliharakisha kuandika, mimi nilichoka kusoma."

Siku hiyo Dada Fumua alikaa kwenye kona yake na begi mapajani, hakulifungua. Kwenye kiti alikuwa mkunga mmoja, mteja wa siku nyingi. Msusi alikuwa akimfumua mstari mmoja wa nywele, anauchana, anausuka upya, ndipo anagusa mwingine.

Dada Fumua akauliza, "Mbona hufumui kichwa chote kwanza ukamaliza?"

Mkunga ndiye aliyejibu. "Mwanangu, watoto wangu hawanisubiri. Simu ikilia nainuka hivi hivi nilivyo. Niingie wodini nusu nimesukwa, nusu zimesimama wima? Mama wa watu ataacha kusukuma, atoke mbio!"

Watu wakaangua kicheko. Dada Fumua alichelewa kidogo. Kisha akacheka mpaka machozi yakamtoka, na machozi yalipoanza kutoka yakaendelea. Msusi akaacha kitana akamshika bega.

"Kumbe mzee wa watu hakuwa mkorofi," dada mtu akasema. "Simu inaweza kulia wakati wowote."

Bandu bandu huisha gogo. Akaanza upya. Jiwe lake la kwanza lilikuwa dogo la kuchekesha. Kuna kitu mle ndani kilichoitwa kwa herufi moja tu, akakipa jina linaloeleweka. Mzee Rudisha akalirudisha. Akarekebisha. Likapokelewa, na kiini kikaendelea kutembea. Halafu akakata kipande kimoja cha ile sehemu ndefu, akakipa mahali pake. Kiini kikatembea. Akakata kingine. Katika kukata hivyo akaliona shimo ambalo kwenye njia ya zamani lilishazibwa, na kwenye njia mpya limeachwa wazi miaka na miaka. Akaliziba kwa mstari mmoja. Watu duniani wakaendelea kutumiana picha. Hakuna aliyeinua kichwa.

Hivyo ndivyo alivyoishi miaka mingi. Kisha ukaja ugonjwa.

Ilikuwa saratani ya tumbo. Dawa zilipoanza kuzing'oa nywele, msusi alimnyoa kwa mkono wake mwenyewe. Kichwa alichokichezea tangu wangali watoto, sasa anakinyoa. Alijitahidi asilie. Dada mtu akajipapasa upara, akasema, "Mdogo wangu, leo na wewe umefumua vyote kwa mkupuo." Wakacheka wote wawili, ikabidi wembe uwekwe chini.

Daktari hakuficha. Muda ulikuwa mfupi. Na kazi? Njia mbili zilikuwa zimeungana sehemu kubwa. Kilibaki kipande cha mwisho, na chenyewe alikuwa ameshakiandika kwenye kompyuta yake. Kipande kikubwa. Mlima mwingine.

Msusi aliketi ukingoni mwa kitanda. Mwalimu alikuwa mezani akipanga vidonge.

"Dada, tuma yote. Si yameshaandikwa?"

"Yameandikwa. Hayajagawanywa, hayajapimwa."

"Mzee Rudisha atapima. Safari hii hatakukatalia, mgonjwa wewe."

"Ndiyo ninachokiogopa."

"Lakini ndiyo kazi ya maisha yako! Utaondoka hujaziona zimeungana?"

Dada Fumua aliivuta kompyuta karibu. Msusi anasema aliiona tamaa usoni mwake, tamaa ya mwenye kiu anayeonyeshwa mtungi. Kidole kilikuwa pale pale kwenye kitufe cha kutuma. Kisha akakiondoa.

"Nikituma mlima, ukaporomoka mimi nikiwa sipo, watamwuliza nani nilikuwa nawaza nini? Maiti haiandikiwi barua, mdogo wangu."

Msusi alitoka akaubamiza mlango. Alilia ngazini, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Alimwona dada yake kama mtu aliyepika siku nzima halafu anakataa kuonja. Aliporudi, alimkuta ameegemea mto, mashine mapajani, anakata jiwe moja dogo kutoka kwenye ule mlima.

"Una kichwa kigumu wewe!"

"Si ndiyo maana kilikuvunjia vitana?"

Alituma jiwe hilo. Akatuma jingine, na kila jiwe aliliandikia maelezo: limebadilisha nini, na kwa nini. Siku nyingine nguvu zilimruhusu kuandika sentensi moja tu. Aliandika hiyo moja. Asubuhi moja, chai ikiwa bado ya moto pembeni yake, Dada Fumua alituacha. Kipande cha mwisho hakikuwa kimeungana. Hakuziona njia zake mbili zimekuwa moja.

Watu wakiwa bado wamejaa msibani, jibu la Mzee Rudisha likaingia kwenye mashine. Yeye alikuwa hajui. Aliandika kuhusu jiwe la mwisho: "Kazi ni nzuri. Neno moja kwenye maelezo halieleweki. Rekebisha, tafadhali."

Msusi alilisoma, damu ikamchemka. "Hata leo! Hata leo anamrudishia!"

Mwalimu akamwondoa taratibu, akaketi, akaandika: "Mke wangu hayupo tena duniani."

Zikapita siku kadhaa. Kisha Mzee Rudisha akaleta barua, na mwalimu ameniruhusu niisome. Aliandika: "Nilipopata habari, nilitaka kuipokea kazi yake ilivyo, kwa heshima yake. Nikashindwa. Angejua nimempitisha kwa kumhurumia, asingenisamehe. Kwa hiyo neno lile nimelirekebisha mimi, na nimeandika kwamba nimeligusa mimi. Juu limebaki jina lake."

Msusi alirudia kuisoma barua hiyo, hasira ikamwisha. Akaketi kwenye mashine ya dada yake, yeye ambaye hajawahi kumwandikia mtu wa ng'ambo, akaandika kwa kidole kimoja: "Mimi ni mdogo wake. Naomba ukweli, usinipambe. Dada yangu ameacha kazi nusu?"

Jibu lilikuja jioni ile ile. "Mwishoni kabisa njia bado ni mbili. Huo ndio ukweli. Lakini hakuna ukuta aliouvunja akauacha wazi. Popote alipofika, vifurushi vinapita. Leo mtu nisiyemjua ameniletea jiwe linalofuata. Hakuhitaji kuniuliza dada yako alikuwa anawaza nini. Alisoma, akaelewa, akaendelea."

"Umemrudishia?" msusi akaandika.

"Mara mbili," akajibu mzee.

Msusi aliniambia hapo ndipo alipocheka, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Kesho yake akafungua saluni.

Wasikilizaji wapendwa, tunampa pole mwalimu wa hesabu, mume wa marehemu. Tunampa pole msusi, mdogo wake. Tunampa pole na Mzee Rudisha huko aliko, maana naye amefiwa, ingawa hakuwahi kuuona uso wa marehemu. Mwenyezi Mungu amlaze Dada Fumua mahali pema, na awape subira waliobaki.

Nasi tulio hai, kila mmoja ana kitu amekishika. Mwingine ana duka, mwingine ana shamba, mwingine analea. Wengi wetu hatutamaliza, tusijidanganye. Kwa hiyo nisiwaulize kama mtamaliza. Nawauliza hivi: kisu ukimpa mwenzako, unampa kwa upande gani? Mtu muungwana hushika makali mwenyewe, akamgeuzia mwenzake mpini. Makali ya kazi ile Dada Fumua aliyashika mwenyewe mpaka pumzi ya mwisho, na aliyekuja nyuma yake amepokea mpini.