Jina la Mwalimu Damaris

Salum, zima hicho kiyoyozi, kinaunguruma kuliko mimi, na simu iweke hapa juu ya mto, karibu na mdomo wangu, dada yako asikie kila neno. Khadija, upo? Haya. Saa zenu na zetu ni moja, najua huko nako watu wametoka Ijumaa, na najua sebule yako imejaa madiwani na wapambe wanaokuhesabia kura za kesho. Waombe radhi, waambie baba anaaga, uingie chumbani peke yako unisikilize. Na wewe Wesley, wewe ni Mkenya na si wa damu yangu, lakini miaka minne tumeishi ukuta kwa ukuta katika jumba hili la Muaither lililokatwakatwa vyumba, na ndiwe uliyenibeba mgongoni hadi kwenye gari siku figo ziliponiangusha. Kaa hapo mlangoni uwe shahidi, kwa kuwa yatakayosemwa hapa kuna watu watakaoapa kwamba sikuyasema.

Wanangu, mimi Abubakari sina mali ya kuwagombanisha. Hapa Doha nimeendesha magari ya watu miaka tisa na hakuna hata tairi moja lililo langu, na chumba hiki ni hisani ya mtoto wa kafili wangu, yule mwajiri aliyenidhamini kuishi huku, Mungu amlipe. Nilicho nacho ni ile nyumba ya mlimani kule kwetu, vyumba sita na uwanja wake. Mnajua vyumba viwili vya mbele ni ofisi ya chama ya kata tangu nilipokuwa mwenyekiti, na bendera yao ndiyo inayopepea juu ya bati langu. Nitafika huko. Lakini kwanza niseme la jana, maana ndilo lililonifungua kinywa.

Jana baada ya alasiri Salum alikuja kutoka kazini kwake hotelini Al Sadd, hajavua hata sare, akakaa pale ulipokaa wewe Wesley, akatoa karatasi iliyopigwa chapa vizuri. Khadija, usimkasirikie ndugu yako, yeye ni katibu wa tawi la chama la hapa, tawi lenyewe watu kumi na wawili na kundi la simu, lakini cheo ni cheo, na karatasi alitumiwa na mwenyekiti wa wilaya, Jeremiah. Akanisomea. Ilikuwa barua yangu mimi kwako wewe: kwamba mimi baba yako, mzee wa chama, nikiwa mgonjwa, nakusihi kwa radhi yangu uliondoe jina lako kwenye kinyang'anyiro cha umeya, kwa ajili ya umoja, umwachie yule wanayemtaka wao. Nikamuuliza, "Salum, na asipoondoa?" Akainamisha kichwa. Akasema, "Baba, wamesema wana barua nyingine. Wamesema marehemu mama alizaliwa ng'ambo ya mpaka, na wanaye mzee wa kuthibitisha."

Wanangu, niliposikia hayo nilicheka mpaka kifua kikanibana. Sikucheka kwa furaha. Nilicheka kwa kuwa barua hiyo naijua, kila nukta yake, maana ya kwanza niliiandika mimi.

Sasa sikilizeni, wala msinikatize, hata wewe Khadija, pumzi niliyobakiwa nayo haina akiba.

Mwaka elfu mbili na tano, Mwalimu Damaris, yule yule aliyekufundisha kusoma, Khadija, alishinda kura za maoni za udiwani katika kata yetu, na kila mtu alijua kwamba akiingia baraza la madiwani ataomba umeya. Alikuwa anasema maneno yale yale unayoyasema wewe leo: orodha ya viwanja ibandikwe ukutani kila mtu aisome, vibanda vya soko vigawiwe hadharani, na maji yapande mlimani kabla ya kujengwa uzio mwingine wa ofisi. Watu walimshangilia. Wazee wa chama hatukushangilia. Wengi wetu tulikuwa na viwanja ambavyo visingependa kusomwa ukutani, na mimi nilikuwa na kimoja, msinitazame hivyo.

Jeremiah akaja nyumbani, tukakaa katika kile chumba cha mbele chenye dirisha la barabarani. Akasema, "Mwenyekiti, huyu mama tukimkata hivi hivi watu watachoma ofisi. Inabidi akatwe kwa sheria." Nikamuuliza sheria gani. Akasema, "Uraia. Babu yake si alitoka upande wa pili?" Nikamwambia, "Jeremiah, Damaris kazaliwa hapa mlimani, mama yangu ndiye aliyemzalisha mama yake, mimi nilikuwa na miaka kumi na ndimi niliyetumwa kuchota maji ya moto." Akasema kwa sauti ya chini, "Ndiyo maana inabidi uandike wewe. Ukiandika wewe hakuna atakayebisha." Halafu, kama mtu aliyekumbuka jambo jingine kabisa, akaniambia kwamba binamu yake anatafuta madereva wa kwenda Qatar.

Nikaandika. Niliandika kwa mkono wangu mimi, mtoto wa mkunga, kwamba namfahamu mtu huyu, na kwamba aliletwa mjini kwetu akiwa na umri wa miaka saba.

Jina lake likakatwa katika daftari la wagombea la ofisi ya wilaya. Ningekuwa na moyo wa kuridhika ningesema yaliishia hapo, lakini njia ya uongo huwa haikomei pale unapotaka wewe. Maofisa walimfuata darasani, wakamtoa mbele ya watoto wa darasa la tatu akiwa bado na chaki mkononi. Akahojiwa siku tatu. Akasimamishwa kazi miezi kumi na minne mpaka karatasi zake za kweli zilipopatikana, na hata alipozipata, chama hakikufuta neno hata moja, na wapo watu mjini mpaka leo wanaomwita yule mgeni. Mimi wakati huo nilikuwa nimeshapanda ndege. Ada zako za chuo, Khadija, zilitoka humo. Nauli yako ya kuja huku, Salum, ilitoka humo. Mmekula matunda ya mti ambao sikuwahi kuwaonyesha shina lake.

Nipeni maji. Kidogo tu, lowesha kitambaa. Ahsante, Wesley.

Nini? Wesley anasema nipumzike kiasi. Nitapumzika, mwanangu, mahali ninapokwenda hakuna kazi nyingine.

Basi, wosia wangu ni huu. Dini yetu imeniruhusu kutoa theluthi ya mali yangu kwa asiyekuwa mrithi, na theluthi ya vyumba sita ni vyumba viwili. Vyumba viwili vya mbele, vile vyenye ofisi ya chama, navitoa kwa Mwalimu Damaris, viwe vyake na vya atakaowataka, auze, akae, afungue darasa, asiulizwe. Vinne vilivyobaki mgawane nyinyi wawili kama sheria ilivyopanga. Chama kipewe mwezi mmoja kihame, na bendera yao ishushwe taratibu, ikunjwe, wapewe mkononi, isitupwe. Mimi niliipenda bendera ile kabla sijaitumia vibaya, na wapo wengi wanaoipenda bila hatia.

La pili ni la kwako, Khadija, nalo ni zito. Barua ya Jeremiah sikuitia sahihi. Nimemwambia ndugu yako airudishe kama ilivyokuja. Lakini usidhani nimekupa ushindi. Kesho saa nne mnapokutana madiwani wa chama kupiga kura, simama kabla ya kura, useme haya niliyoyasema leo. Ukiyasema, barua yao juu ya mama yako itakuwa imekufa kabla haijazaliwa, maana kila mtu atajua inavyopikwa. Ila na wewe utakuwa binti wa aliyeipika ya kwanza. Salum ananiambia unazo kura kumi na saba kati ya thelathini na moja. Zikiondoka mbili tu, umekwisha. Najua. Nimekaa kwenye siasa muda mrefu kuliko umri wako, hesabu hiyo nimeshaipiga nikiwa nimelala hapa nikitazama dari. Hata hivyo sema. Mkuki kwa nguruwe, mwanangu. Miaka kumi niliuona mwepesi mpaka jana ulipogeuzwa ukaelekezwa kwako.

Na kabla ya kulisema mbele yao, nenda kwake. Nenda leo hii, kabla jua halijatua, umwambie wewe kwa kinywa chako, asilisikie kikaoni kama mtu wa nje.

Mbona kimya? Khadija? Salum, simu imekatika? Haijakatika. Anasema nini? Sogeza... Rudia, mama, masikio yamekuwa mazito.

Anasema hakukaa peke yake. Anasema nilipomwambia aingie chumbani aliingia na Mwalimu, maana Mwalimu ndiye mshauri wake, na simu ilikuwa wazi tangu mwanzo. Amesikia yote.

Damaris.

Sina neno la kukutengenezea. Mwenye kovu usidhani kapoa, nasi tuliokutia kovu hilo ndio wa mwisho kuuliza kama bado linauma. Sikuombi unisamehe katika simu, mbele ya watu, huku nikihema hivi. Huko kungekuwa kukulazimisha mara ya pili. Sema unalotaka kusema, nami nitalisikia.

Salum, anasema nini? Nirudishie neno kwa neno, usinifichie.

Anasema hataki vyumba.

Anasema vyumba anavyo. Anasema jina lake lilifutwa katika daftari la ofisi ya wilaya, kwa mkono wangu na muhuri wa chama, na analitaka lirudishwe pale pale, kwa mkono na muhuri. La msamaha, anasema, tutazungumza mbele ya Mungu, yeye na mimi.

Ni haki. Wallahi ni haki, na ni zaidi ya nilichostahili kujibiwa. Vyumba nimeshavitoa, sivirudishi, akitaka awape watoto wa darasa la tatu. Lakini hilo la daftari, Salum mwanangu, ni lako. Andika niliyosema, Wesley atie jina lake chini, mimi nitatia dole gumba, kisha upande ndege, uzike hofu yako uwanjani, uende kwa Jeremiah mchana watu wakiwa wamejaa ofisini, uiweke karatasi hiyo mezani kwake, na usitoke mpaka ipigwe muhuri. Najua utavuliwa ukatibu. Najua ulileta ile karatasi kwa kuogopa, si kwa ubaya. Na mimi niliogopa, tena nikiwa na umri mkubwa kuliko wako. Utakwenda? Usitikise kichwa, sema nisikie.

Amesema atakwenda. Umemsikia, Khadija? Amesema.

Nizikeni hapa hapa, msinisafirishe. Anioshe yule jirani yetu wa kutoka Unguja, anajua. Msifanye arobaini ya kujionyesha. Khadija, ukishinda, orodha ile ibandike ukutani, na kiwanja changu kiwe cha kwanza kusomwa. Ukishindwa, rudi kwenye kata yako ufanye kazi, maji hayaulizi meya ni nani.

Haya... nishikeni mkono. Salum huu. Huu mwingine uwe wa Khadija; Wesley, umshikie wewe. Nawapa radhi yangu, wote wawili, haina sharti, haina barua. Mungu awape ulimi ambao... awape kulala bila... 

Nani analia huko? Ni Khadija au ni Mwalimu?

Msimwambie anyamaze. Mwacheni... mwacheni alie, nimsikie.