Wakili wa Meno Anavua Koti Jeupe

Tarehe 30 Juni 2025, baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi, Bi. Asteria Mwigulu, Mama Ritha, anaiaga kliniki ya meno ya kituo chetu cha afya hapa Kahama. Alianza kazi kwao Kishapu akiwa tabibu wa meno kijana, akaja kwetu kliniki ikiwa ni kiti kimoja na ndoo.

Tulimbandika jina la Wakili wa Meno. Wagonjwa wetu huja wameshahukumu: jino linauma, ling'olewe, lifungwe kwenye karatasi likaonyeshwe nyumbani. Mama Ritha hakubali. Hugonga jino moja moja kwa mpini wa kioo chake, na lisilo na kosa haling'oi, hata mgonjwa anune. Foleni ilirefuka, nasi tukinung'unika chini chini.

Mwaka 2019 akaja Kalisti, dereva wa lori wa Isaka. Shavu la kulia lilimuuma hadi sikioni. Kwingine alishang'olewa magego mawili bila nafuu, sasa akataka la tatu litoke. "Mama, we ng'oa tu, mzigo wa Rusumo unanisubiri!" Mama Ritha aligonga yote, akayakuta mazima. Kalisti alipofoka, alimshika mkono kumtuliza, na hapo akaona ncha za vidole zimevimba na kucha zimebinuka, dalili ambayo huweza kutokana na ugonjwa wa mapafu. Kikohozi hakuwa nacho. Hata hivyo Mama Ritha alimsindikiza mwenyewe kwa Dokta Donatus, daktari wa kituo chetu, Kalisti akapigwa picha ya kifua.

Ilikuwa saratani ya pafu la kulia, bado changa. Dokta alitueleza kwamba mara chache uvimbe wa pafu hugusa mshipa wa fahamu unaopita kifuani, maumivu yakasikika usoni upande uleule kabla ya dalili nyingine. Kalisti alipasuliwa Mwanza, na shavu likaacha kuuma. Angechelewa, tungemzika.

Tangu hapo hatunung'uniki tena kuhusu foleni. Wanafunzi wa mazoezi tunawaambia: uso ukiuma na meno hayana kosa, usisahau kifua. Tunajivunia kufanya kazi na mwanamke huyu, na tunasema hivyo hadharani.

Mama Ritha, asante sana. Mizigo yako ya kurudi nyumbani Kishapu itabebwa na lori la Kalisti, ameomba mwenyewe. Tunakuombea mapumziko yenye afya na amani, na safari njema. Dereva wako yuko hai kwa sababu ulikataa kung'oa jino.