Minueti Iliyonyang'anywa Tromboni

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Bwana Gaëtan Périsse, Mkurugenzi wa Sanaa wa mkoa wetu. Kiongozi wetu wa okestra, Bwana Roudaire. Nanyi wageni wa hoteli, mliokuja Fontclaire kunywa maji ya chemchemi na mliojificha humu ukumbini ili msiyanywe: jioni njema.

KUKUKARIBISHA

Sisi wanamuziki wa Okestra ya Kasino tunafurahi kukuona tena. Mara ya mwisho uliondoka kabla hatujakupigia makofi, na makofi hayo tunayo mpaka leo. Karibu sana.

TULIKOTOKA

Okestra hii iliundwa baada ya vita kuu. Watu walikuwa wamechoka na maombolezo. Simfoni ya saa nzima, ngoma zikinguruma kama mizinga, nani tena aliitaka? Watunzi wetu vijana wakarudi kwenye dansi za enzi za wafalme: vipande vifupi, okestra ndogo, kila sauti inasikika peke yake na hakuna pa kujificha. Kisha wakatia utani humo humo, kwa uso mkavu, kama shangazi anayesimulia kisa cha aibu huku akimimina kahawa.

Mmoja wao ni Bwana Aurélien Teyssandier, yule aliyekaa nyuma kabisa akijifanya anatafuta miwani yake. Ndiye aliyetutungia Dansi za Chemchemi.

MAFANIKIO

Ndani ya Dansi za Chemchemi mna minueti, dansi ya polepole ya kuinamiana. Fidla zinainama, filimbi zinainama, wote kwa adabu za ikulu. Wanapofika chini kabisa, tromboni moja, lile tarumbeta refu la kuvuta, inateleza kwa sauti kutoka juu hadi chini, kama suruali ya mkuu wa itifaki inayopasuka. Ni mara moja tu jioni nzima. Aliyeipiga ni Honorin Chassaing, mtu mpole, mwana wa mtengeneza jibini, ambaye nje ya ukumbi hasemi neno mpaka aulizwe.

Wenye ini bovu walicheka. Wenye tumbo walicheka wakiwa wamelishika. Daktari wa chemchemi alilalamikiwa na wenye hoteli kwamba wagonjwa wanapona mapema. Kwa upande wa okestra, mgeni rasmi, hatukuwahi kupata mafanikio makubwa kuliko hayo.

CHANGAMOTO

Changamoto yetu ni moja, nayo imeketi mbele yetu. Tunasema hivyo kwa heshima zote.

Kiangazi kilichopita, mgeni rasmi, ulichelewa kidogo. Minueti ilikuwa imeshaanza ulipopita mstari wa mbele kumwamkia mke wa mkuu wa mkoa. Ukainama kuubusu mkono wake. Ukainama sana. Na hapo hapo Honorin, ambaye hakukuona kwa sababu macho yake yalikuwa kwenye fimbo ya kiongozi, akateleza na tromboni yake.

Ukumbi ulivunjika mbavu. Hata mama mwenyewe alicheka, mkono wake ukiwa bado mdomoni pako.

Ukageuka. "Nani amefanya uchafu huo?"

Honorin akasimama, masikio mekundu. "Ni mimi, Bwana Mkurugenzi. Lakini imeandikwa."

"Imeandikwa unidhihaki?"

"Imeandikwa niteleze tu. Kuinama umeinama mwenyewe."

Kesho yake ikaja amri kutoka ofisini kwako: tromboni iondolewe, sehemu yake ipigwe na selo, ile fidla kubwa ya kukalia, kwa staha. Honorin akakunja koti lake jeusi akarudi nyumbani. Mkewe, Marcelline, alikuwa ametenga dengu. Akamtazama, akatazama koti.

"Wamekufukuza? Ulipiga vibaya?"

"Nilipiga vizuri, Marcelline. Ndiyo sababu."

Dengu zile zilipoa. Alikaa mbele ya sahani bila kuigusa, na Marcelline anasema hakuwahi kumwona hivyo tangu arudi kutoka vitani.

Sisi tulitii. Selo inateleza, tena inateleza vizuri, lakini inasikika kama mtu anayeomba radhi kwa kosa la jirani. Hakuna anayecheka. Tukifika hapo Bwana Teyssandier huziba masikio. Nasi, tuseme ukweli, siku ile hatukusimama pamoja na Honorin. Kila mmoja alitazama karatasi yake ya noti.

Sasa Honorin anapiga kwenye sarakasi, kule Clermont. Jumapili iliyopita tulikwenda kumwona. Mpiga kinubi wetu, Clémence, alimtania: "Wee Honorin, umepata raha! Huku si unapiga kila dakika?"

"Ndiyo taabu yenyewe, dada. Mchekeshaji akianguka, nipige. Akianguka tena, nipige. Anaanguka mno! Kule kwetu nilingoja, nikangoja, wote wanainama kwa adabu, halafu mara moja tu. Ile ilikuwa na maana. Hapa napiga kelele."

Alisema akifuta tromboni kwa leso, bila kututazama.

Jambo jingine tuliloliona kule tungeweza kulinyamazia. Mstari wa tatu alikaa bwana mmoja wa makamo, ameshusha kofia usoni. Tromboni ilipolia, bwana yule alicheka mpaka kofia ikadondoka. Alicheka machozi. Alimpiga jirani begani, mtu asiyemjua. Hatumtaji jina, kwa kuwa tunamheshimu. Ila tulimwonea huruma: ubao mgumu, harufu ya farasi, na mtu wa hadhi yake analazimika kuficha sura ili apate kucheka.

MAOMBI

Tunaomba Honorin arudi. Kwa ajili ya minueti, ndiyo, na kwa ajili ya Marcelline. Lakini pia kwa ajili ya bwana yule, aje acheke hapa, penye viti vya mto, kofia mkononi.

Kesho sarakasi inahamia Toulouse. Honorin yuko koridoni sasa hivi, amevaa koti lake jeusi. Safari hii karatasi zetu za noti tumezifunga, na hatuzifungui mpaka utujibu.

Mungu akujalie ini jema, usingizi mwororo, na marafiki watakaokucheka ukiwa bado unasikia.

Ni sisi,
Wanamuziki wa Okestra ya Kasino, Fontclaire-les-Bains, kiangazi cha 1935.
Imesomwa na Clémence Vidalin, mpiga kinubi, akiwa amesimama pamoja na wenzake wote.